Bastola ya kubeba kwa kuficha: tazama mpini kabla ya mtutu

Kiuno Kizito

Wakuu, habari za saa hizi.

Uzi huu ni wa wale waliokwisha pata kibali chao halali na mafunzo yao, na sasa wamesimama mbele ya kabati la kioo wanakuna kichwa: nichukue ile ndogo kabisa au ile ya katikati? Ambao hamjamaliza upande wa sheria, malizeni kwanza, uzi utawasubiri.

Nimemiliki tatu. Ya kwanza ilikuwa ya saizi kamili, bastola ya askari hasa. Nilipiga nayo vizuri mno, lakini miezi miwili haikuisha ikawa inalala kwenye sefu siku sita kati ya saba. Nikiketi inanichoma mbavu, nikiinama shati linatuna mgongoni. Nikakasirika, nikaruka upande wa pili kabisa: nikanunua kadogo ka kaliba (unene wa risasi) .380, hakafiki hata gramu 300, kanakaa mfukoni na ala yake kama pochi. Haka nilikabeba kila siku. Siku niliyokapeleka uwanja wa shabaha ndipo nilipojua nimenunua nini. Kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, kinachofuata nusu kimeshika nusu hakijashika, na kila risasi ikitoka kanajipindua mkononi mpaka nikashike upya. Kufika magazini (kisanduku cha risasi) ya tatu nilikuwa nafumba macho kabla sijavuta triga. Karatasi iko mita saba tu, matundu yametawanyika kama mtama uliomwagwa.

Ya tatu ndiyo niliyo nayo leo, ya saizi ya katikati, wanaziita kompakti. Na iliponikaa ndipo nikaona kosa langu la miaka yote: nilikuwa napima kitu kisicho.

Wote tukishika bastola dukani tunatazama urefu wa mtutu. Mtutu hauonekani, jamani! Uko ndani ya suruali, umelala kando ya nyonga. Kinachokuchongea ni mpini, kwa sababu wenyewe ndio uko juu ya mkanda, tena umekaa kwa pembe. Ukiinama, mtutu unafuata mguu, mpini unasukuma shati kama kiwiko cha mtoto chini ya shuka.

Chukueni ukoo mmoja wa kiwanda cha Glock muone, maana zote ni za risasi ileile ya milimita 9. Glock 17 ilitoka mwaka 1982, mtutu milimita 114, kimo pamoja na magazini kama milimita 139, risasi 17. Glock 19 ya 1988, mtutu 102, kimo 128, risasi 15. Glock 26, ndogo yao, mtutu 87, kimo 106, risasi 10. Kutoka 19 kwenda 26 mtutu umepungua milimita 15, kimo kimepungua 22. Zile 22 ndizo jirani yako anaziona. Zile 15 hakuna anayeziona.

Ndiyo maana hadi leo Glock 19X ya mwaka 2018 inanichekesha. Wamechukua slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi ikitoka) fupi ya 19 wakaiweka juu ya mpini mrefu wa 17. Ni bastola nzuri ya kupigia, wala sibishi, lakini kwa mtu wa kuficha ni suruali fupi na shati refu: imepunguzwa pasipo na shida, ikaachwa ndefu penye shida.

Nawasilisha. Karibuni, na matusi muache nje.

Mzee wa Leso

Uzi mzuri, kijana. Lakini umesahau unene.

Kimo na urefu vina maneno, ila kitu kinachokaa kati ya mfupa wa nyonga na suruali ni unene. Mimi nilibeba za magazini pana miaka mingi, na jioni nikivua kuna alama nyekundu ubavuni kama nimelalia kufuli. Hizo Glock ulizozitaja, iwe kubwa iwe ndogo, zina unene karibu sawa, zaidi ya milimita 30. Ile 26 ni fupi lakini ni nene kama dada zake. Tofali likikatwa linabaki tofali.

Zamani uchaguzi ulikuwa mmoja kati ya mawili. Unachukua nene yenye risasi 10, au unachukua nyembamba yenye risasi chache. Glock 43 ilipotoka mwaka 2015 watu walishangilia wembamba wake, slaidi haizidi sana milimita 20, lakini magazini inabeba 6. Halafu mwaka 2018 kiwanda cha SIG wakaleta bastola ya P365: nyembamba, ndogo, na magazini ya 10. Siri yake ni magazini yenyewe. Risasi hazijapangwa mstari mmoja kama zamani wala miwili kamili, zimepandana nusunusu, mstari mmoja na nusu hivi, kisha juu zinakusanyika kuwa mmoja. Baada ya hapo kila kiwanda kikafuata. Springfield Hellcat ya 2019 ikaja na 11.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi: unene kwanza, mpini pili, mtutu mwisho kabisa.

Kiuno Kizito

Shikamoo mzee. Unene nakubali, na nakuongezea ushahidi.

Mwaka 2019 Glock walitoa mbili kwa pamoja, 43X na 48. Mpini wao ni uleule, mwembamba, risasi 10. Tofauti ni mtutu tu: 43X milimita 87, 48 ni 106. Rafiki yangu anazo zote, nikaziazima pale uwanjani, tupu, kila moja na ala yake, nikazivaa kwa zamu shati lilelile.

Nilitegemea ile fupi ishinde. Haikushinda. Ile fupi mpini wake ulikuwa unalegea kutoka mwilini kila nikitembea, kama mlango uliopoteza bawaba ya chini. Ile ndefu ilitulia. Mwenye akili ya wenzo ataelewa mara moja: kipande kirefu kilicho chini ya mkanda kinagandamiza mwili, na kikigandamiza huko chini, mpini huku juu unavutwa ndani. Ile fupi uzito wake wote uko juu ya mkanda, hakuna kinachoushikilia.

Kwa hiyo kwangu mimi (wengine mtapinga) mtutu mrefu kidogo unasaidia kuficha. Labda uwe mtu wa kubeba mbele tumboni halafu unakaa kwenye kiti siku nzima, hapo mtutu mrefu utakusalimu kinena.

Chuma Moto

Mnajisumbua. Mimi nabeba saizi kamili kila siku, jua na mvua, hakuna aliyewahi kuona. Tatizo lenu ni ulaini.

Mzee wa Leso

Chuma, umbo lako ni lipi? Maana mtu mrefu mwenye kifua kipana na koti anaweza kuficha hata nyundo.

Chuma Moto

Mita 1.90, mzee. Koti kila siku.

Mzee wa Leso

Basi umejijibu.

Bint Shabaha

Naomba niongee kwa niaba ya wenye viganja vidogo, kwa sababu hapa mmekaa wanaume wa mikanda minene mnaamua wenyewe.

Kila nilipoingia kuuliza, kabla sijafungua mdomo nasukumiwa kadogo kuliko vyote. "Hiki kitakufaa dada, ni chepesi." Wepesi! Wepesi ndio adui. Teke la risasi ni lilelile, kama chuma kinacholipokea ni kidogo basi mkono wako ndio utalipokea. Bastola ndogo sana ni za watu waliozoea, si za wanaoanza, na mtu anayemuuzia mwanafunzi kitu cha gramu 300 hajui alitendalo.

Halafu kuna suala la slaidi. Watu wanadhani ndogo ni rahisi kuvuta. Ni kinyume. Slaidi ndogo ni nyepesi na safari yake ni fupi, kwa hiyo wanaweka springi kali ili iweze kuizuia. Mama yangu mdogo ana baridi yabisi ya vidole, kadogo ka milimita 9 hakuweza kukavuta hata mara moja. Kompakti aliivuta. Kisha akajaribu Smith & Wesson ya familia ya EZ, ile ya .380 iliyotoka 2018, akaivuta kama anafungua droo. Na ile si ndogo kabisa.

Namna yangu ya kupima kiganja ni hii. Hakikisha ni tupu: magazini nje, slaidi nyuma, tazama chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) kwa macho na kwa kidole. Elekeza pahali salama. Panda juu ya mpini mpaka ile nyama kati ya gumba na shahada imebana chini ya slaidi pasipo nafasi. Sasa mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa mkono wako. Ukiwa hivyo, je, ncha ya kidole cha shahada inafika katikati ya triga bila wewe kupindisha kiganja? Ikifika, mpini unakutosha. Isipofika mpaka uzungushe kiganja pembeni, teke litakwenda kwenye gumba badala ya mkono, na bastola itakuhama kila risasi. Hicho hakirekebishwi na mazoezi.

Mpya Kundini

Wakuu mimi ndo kwanza kibali kimetoka. Nimesoma kwamba bastola fupi hailengi vizuri kwa sababu kilengeo cha mbele na cha nyuma vimekaribiana. Ni kweli?

Na swali la pili, za mfukoni zinawekwa hivihivi tu?

Kiuno Kizito

La pili nalijibu kwanza kwa sababu lina damu ndani yake. HAPANA. Bastola haiwekwi mfukoni, mkobani wala kiunoni bila ala inayofunika triga yote, na ala iwe ngumu kiasi kwamba ukiibonyeza kwa nje triga haiguswi. Kama ni mfukoni, mfuko huo ni wa bastola na ala yake tu. Funguo, sarafu, kalamu, vyote vihame upande wa pili. Na unaporudisha kwenye ala, rudisha taratibu, shati limevutwa pembeni, unatazama. Hakuna zawadi ya anayerudisha haraka.

La kwanza: ni kweli, lakini kidogo kuliko unavyosikia. Fanya hesabu. Umbali kati ya vilengeo kwenye Glock 19 ni kama milimita 153, kwenye 26 ni kama 137. Ukikosea kuvipanga kwa milimita moja nzima, kosa ambalo hata mwanafunzi hulifanya kwa nadra, kwenye karatasi ya mita saba ile ya kwanza inakupeleka pembeni sentimita 4.6, ya pili 5.1. Nusu sentimita! Matundu yangu yaliyotawanyika kama mtama hayakutoka kwenye vilengeo. Yalitoka kwenye vidole viwili visivyo na pa kushika.

Bint Shabaha

Hapo kwenye hesabu umenifurahisha. Nimekuwa nikilaumu vilengeo miaka miwili.

Chuma Moto

Sawa, lakini mtutu mfupi unaua nguvu ya risasi. Hilo halina ubishi.

Mzee wa Leso

Lina ubishi kidogo. Mtutu mfupi unapunguza kasi, kweli, na risasi yenye tundu kichwani inahitaji kasi ili ifunguke, yaani itanuke ikigonga. Lakini milimita 9 inavumilia. Baruti yake nyingi imeshafanya kazi mapema, ukipoteza sentimita mbili za mtutu hujapoteza risasi. .380 ndiyo haina cha kupoteza, imeanza na kidogo.

Wengi wenu hamkuwapo, ila baada ya lile pambano la risasi kati ya FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, na majambazi kule Miami, Aprili 1986, mashaka juu ya nguvu ya milimita 9 yaliwapeleka kwenye kaliba kubwa zaidi, na wakaweka kipimo cha kupiga risasi kwenye gelatini inayoiga nyama ya mwili: ipenye kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 46 hivi. Miaka ilivyokwenda risasi zikaboreshwa, wakarudi kwenye milimita 9 wenyewe. Zipo risasi zilizoundwa mahsusi kwa mitutu mifupi. Nunua hizo, pitisha za kutosha kwenye bastola yako uone kama inazila bila kukwama, usiku ulale.

Fundi Ngozi

Mimi nashona ala na mikanda, na nawasikiliza tangu asubuhi mnapigana vita vya milimita huku mmevaa mikanda ya suruali za harusi.

Mtu ananijia analalamika bastola yake kubwa, anataka kuuza achukue ndogo. Namwambia simama. Natazama mkanda: umejikunja kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Glock 19 iliyojaa risasi ni karibu gramu 850. Hiyo ni karibu kilo, inaning'inia pahali pamoja, kwenye mkanda ambao kazi yake ilikuwa kupendeza. Lazima mpini upinduke nje. Namfunga mkanda mgumu wa matabaka mawili, bastola ileile, ala ileile. Nusu ya malalamiko yanaisha papo hapo.

Nusu iliyobaki ni ala yenyewe. Kwa wanaobeba mbele, kuna vitu viwili vidogo vinavyofanya kazi kubwa. Kimoja ni jino, kipande kinachochomoza ubavuni mwa ala karibu na triga, kinaegemea mkanda kwa ndani, na mkanda ukikisukuma unauzungusha mpini kuelekea tumboni. Cha pili ni kabari, mto mdogo wa sponji ngumu chini kabisa ya ala upande wa mwili. Unasukuma ncha ya mtutu nje, na mtutu ukienda nje huku chini, mpini unalala ndani huku juu. Ndiyo ule wenzo aliousema Kiuno. Nimeona kabari ya unene wa kidole ikificha bastola ambayo mwenyewe alikuwa tayari kuitupa.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha bastola, badilisha kilichoishika.

Bint Shabaha

Fundi, sisi ambao gauni halina mkanda?

Fundi Ngozi

Dada, kuna mkanda mpana wa kitambaa unaovaliwa chini ya nguo, wenye ala ngumu ndani yake. Usikubali ule wenye mfuko laini wa mpira tu, triga inapapaswa kwa nje. Na huko, mzee ana haki: unene ndio mfalme. Nyembamba yenye mpini kamili itakufaa kuliko fupi nene.

Mpya Kundini

Asanteni sana. Basi mimi niko kati ya P365 ya kawaida na P365XL. Ile ndogo nimeipenda, ila kidole cha mwisho kinabaki nje. Nimeambiwa si tatizo, naweza kuweka magazini ndefu ya 12 kidole kikapata pa kukaa.

Kiuno Kizito

Subiri, subiri. Hapo ndipo pazuri, usinunue bado.

Ile ndogo mtutu wake ni kama milimita 79, XL ni kama 94. Magazini ya 12 ndiyo magazini ya XL yenyewe, kule inaingia ikalingana na mpini. Ukiichomeka kwenye ndogo inatokeza chini. Sasa niambie, ukishafanya hivyo, kimo cha bastola yako ni kipi?

Umepata mpini wa kubwa na mtutu wa ndogo. Umejitengenezea 19X yako nyumbani!

Nenda mahali wanapokodisha, piga zote mbili, risasi 50 kila moja, halafu tano za mwisho uzipige kwa mkono mmoja. Usijihukumu kwa tundu la kwanza, jihukumu kwa zile za mwisho ukiwa umechoka. Ukishaipata uliyoipenda, ivae nyumbani ikiwa tupu, risasi ziwe chumba kingine kabisa, fulana nyeupe nyepesi. Funga kamba za viatu. Chukua kitu kwenye rafu ya juu. Keti masaa mawili. Mwambie mtu wa nyumbani akutazame kwa mgongo bila kumwambia iko upande gani.

Mzee wa Leso

Na usijitazame kwenye kioo kama mwizi. Wewe unajua ilipo, kila mkunjo utauona ni bastola. Watu wako kwenye simu zao.

Chuma Moto

Hilo la mkono mmoja nakubali. Mambo mengine bado mko laini.

Mpya Kundini

Narudisha mrejesho, wakuu.

Nimepiga zote mbili. Ile ndogo na magazini yake fupi: risasi za kwanza nzuri, kufika thelathini naishika upya kila mara, kama Kiuno alivyosema. Nikaweka ile magazini ya 12, ikatulia kidogo. Kisha XL. Tofauti niliisikia kwenye kifundo cha mkono kabla sijaiona kwenye karatasi. Tano za mkono mmoja ziliingia zote kwenye duara, za ndogo ziliingia mbili.

Halafu nikaomba rula. Yule kijana wa pale alinitazama kama nimechanganyikiwa. Tukazisimamisha kwenye meza, tupu, slaidi zimefunguliwa, ndogo ikiwa na magazini ya 12 ndani. Kimo kilekile. Nikazivaa zote mbili kwa zamu. Ile ndogo ndiyo iliyochora shati.

Naenda tena Jumamosi kuichukua XL.

Kiuno Kizito

Kabla hujailipia mpe Fundi kiuno chako apime, uende na mkanda.